Kikao cha Tumbo la Zawena

Kufungua

Akidi imetimia: mimi nipo, na wewe unayesoma upo. Kwa kanuni za nchi yetu, watu wawili wanatosha kuamua jambo lolote linalomhusu mtu wa tatu. Kwa hiyo tuendelee.

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa woga. Mimi ni mtumishi mtiifu na sina sababu ya kuogopa, na hata ningekuwa nayo ningeiombea kibali kwanza. Nilikuwa karani wa kamati, na habari hizi nitazipanga kama muhtasari wa kikao kwa sababu sijui kupanga jambo kwa njia nyingine. Hata barua yangu ya posa ilikuwa na ajenda sita.

Mambo yalianza pale Wizara ya Idadi ya Watu ilipotuma wataalamu kuchunguza kwa nini nyumba nyingine zina watoto wengi na nyingine wachache. Wataalamu walizunguka miaka mitatu, wakala kuku wa kila wilaya, wakarudi na ripoti ya kurasa mia nane. Kurasa mia saba tisini na tisa zilikuwa shukrani. Ukurasa wa mwisho ulisema kwamba watu, wakiachwa wenyewe, huzaa watoto wanaowapenda, kwa idadi wanayoipenda.

Baraza la mawaziri lilikaa siku mbili bila kula, jambo ambalo halijapata kutokea. Siku ya tatu Waziri alipanda jukwaani akalihutubia taifa kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu imegundua kwamba wapo watu, humu humu nchini, wanaopenda vitu bila kushauriana na mtu yeyote! Mtu anajifungia na mkewe, anajiamulia! Je, huo ni uungwana? Nchi iwe ya wote, halafu tumbo liwe la mtu mmoja?"

Tulipiga makofi hadi njiwa wakahama paa la uwanja. Wiki hiyo hiyo ikapitishwa Sheria ya Mapendeleo ya Uzazi. Rais wetu, ambaye ana mtoto mmoja anayesoma ng'ambo, aliitia saini huku machozi yakimlengalenga. Alisema hakuna kinachomfurahisha kama familia kubwa ya mtu mwingine.

Kwenye ukuta wa ofisi ya kata yetu ikachorwa Familia Bora: baba, mama, na watoto kwa idadi ambayo taifa linaipendelea mwaka huo. Mwaka wa wafadhili watoto walikuwa wawili. Mwaka uliofuata tulikosana na majirani zetu juu ya mpaka, fundi rangi akaitwa aongeze wavulana watano. Kila mtoto alipoongezwa, mama alisogezwa pembeni kidogo, mpaka akabaki mkono tu ulioshika sufuria. Watu walisifu sana mkono ule. Walisema una heshima.

Mahudhurio

Kamati ya Mapendeleo ya Kata ilikuwa na wajumbe watatu wa kudumu.

Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Diwani Rajua Kipenga, mtu wa sauti nene na tumbo nene zaidi, ambaye pia alikuwa mlezi wa timu yetu ya mpira. Alikuwa na mazoea ya kusema "Imepita!" hoja ikiwa bado njiani. Siku moja alisema "Imepita!" mtu alipopiga chafya, na ilitubidi tuiandike.

Wa pili alikuwa Mtu wa Dini. Sheria ilidai viongozi wa dini zote, lakini viti vilikuwa pungufu, tukamchukua mmoja aliyesema anazielewa zote.

Wa tatu alikuwa Mwakilishi wa Wanawake, Bwana Tenende. Alipewa nafasi hiyo kwa uzoefu wake, kwa kuwa ana wake watatu. Kila mara alifungua maneno yake kwa kusema, "Nikizungumza kama mwanamke," kisha anashusha pumzi ndefu ya mtu aliyechoka, na sisi tulimhurumia.

Karani ni mimi. Mwandiko safi, watoto tisa, wote niliowapenda kabla hawajaja.

Kila shauri liliongezewa mume na ndugu wa mume. Wapo wachochezi wanaosema eti sheria ilimsahau mke. Uongo mtupu! Vikao tulivifanyia kibarazani kwa mke mwenyewe ili serikali iwe karibu na wananchi, na pia karibu na birika. Mke ndiye aliyepika chai na maandazi. Na maoni yake yalikuwa na nafasi maalumu kwenye ajenda, ile ya mwisho kabisa, iitwayo Mengineyo.

Ni kweli kwamba kwa miaka sita hatukuwahi kufika Mengineyo. Ama chai ilikwisha, ama palitokea msiba, ama Mheshimiwa alikuwa na mechi. Lakini ajenda yenyewe ilikuwepo, imepigiwa mstari chini.

Shauri

Sasa nije kwa Zawena, mke wa Kibwana fundi cherehani.

Zawena alikuwa na mabinti wanne. Wa mwisho, Mwanaisha, alikuwa na umri wa miaka minne na alikuja duniani kwa vita. Mama yake alivuja damu mchana kutwa, wakambeba juu ya mlango uliong'olewa bawaba hadi zahanati. Tabia, muuguzi wetu, ambaye hana adabu hata kidogo, alimwambia alipopata nafuu: "Dada, sikiliza vizuri. Hapa tumefika. Ukinijia tena na tumbo, mtoto naweza kumpokea, wewe sikuahidi."

Basi Zawena na Kibwana wakakaa chini wakaelewana. Kibwana alisema, "Mama Hidaya, hawa wanne ni baraka tosha. Nani atawashonea sare wakizidi?" Wakacheka. Zawena akawa na amani.

Lakini Kibwana alikuwa na mama, Bi Mashavu, na Bi Mashavu alikuwa na marehemu mumewe, Mzee Matimbwa. Mila za kwetu zinasema jina la babu hurudi kwa mjukuu wa kiume. Mpaka lirudi, mzee hajaingia ndani. Amekaa nje ya mlango anangoja kuitwa. Mzee Matimbwa alikuwa amekaa nje miaka kumi na mmoja. Bi Mashavu alikuwa hasikii mvua bila kulia kwamba mumewe analowa. Akaenda kamatini akafungua shauri.

Kikao kilikuwa kizuri sana. Kila mmoja alieleza anachopenda.

"Mimi napenda wa kiume," alisema Mheshimiwa Kipenga. "Kata hii haina beki wa kushoto! Tumefungwa mabao tisa, yote yamepita kushoto. Nani atatuzalia beki? Imepita!"

Mtu wa Dini alisema yeye anapenda watoto kwa ujumla, hasa wa wengine, kwa sababu hujaza safu za mbele.

"Nikizungumza kama mwanamke," alisema Bwana Tenende, akashusha pumzi, "sisi wanawake tunapenda sana kuzaa. Ni kitu kinachotuburudisha."

Bi Mashavu hakusema mengi. "Namtaka Matimbwa aingie ndani," alisema, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Ikafika zamu ya Kibwana. Alisimama, akavua kofia, akaitazama kofia. Zawena alikuwa kwenye mkeka kando ya birika, naye akamtazama mumewe.

"Mimi," alisema Kibwana, "napenda kile kitakachokipendeza kikao."

Tulimpigia makofi matatu ya kilo. Mheshimiwa alisema huyo ndiye mwanamume, hajalishwa limbwata. Niliona Zawena ameinamisha uso, nikadhani ni furaha.

Alinyoosha mkono. "Naomba kusema."

"Utasema, mama, utasema," alijibu Mwenyekiti kwa upole. "Ajenda namba saba. Utaratibu ni utaratibu."

Tulipofika namba sita maandazi yakaisha, kikao kikafungwa.

Nikaandika kama nilivyozoea. Azimio: apatikane mtoto mmoja wa kiume, mwenye mguu mzuri wa kushoto, aitwe Matimbwa. Muda: kabla ya mwisho wa Desemba mwakani. Na kwenye safu ya mwisho, ile iliyoandikwa Mtekelezaji, nikaandika neno nililoliandika katika maazimio yote ya miaka sita: Mke.

Jioni ile ile Zawena alimwambia mumewe, nami nilisikia kwa kuwa nilirudi kuchukua kalamu yangu: "Nyumbani unasema vizuri, baba Hidaya. Tatizo maneno yako hayavuki kizingiti. Ukinizika, useme kikao kilipendezwa."

Kibwana aliendelea kukanyaga cherehani. Haikuwa na kitambaa.

Yatokanayo

Azimio la aina hiyo lilihitaji kikao cha pili cha kuthibitisha. Kati ya vikao hivyo viwili nilipatwa na ajali kazini. Waziri alipita kwenye kata yetu kwa gari bila kusimama, nasi tulimpigia makofi kwa muda wa saa nzima baada ya vumbi kutulia. Kiganja changu cha kulia kikateguka. Tabia alikifunga bandeji akaniambia nijifunze kupiga makofi kwa akili. Nimekwisha sema hana adabu.

Siku ya kikao nikawa sina mkono wa kuandikia. Mheshimiwa aliangaza macho kibarazani, akamwona Zawena na birika lake.

"Wewe mama, si ulimaliza darasa la saba?"

"Nilimaliza, Mheshimiwa."

"Basi andika. Unakaa bure hapo."

Nikamkabidhi daftari na Mwongozo wa Taifa wa Kuandika Muhtasari, ambao katika nchi yetu unaheshimiwa kuliko katiba, kwa kuwa umechapishwa kwenye karatasi nzito zaidi. Zawena aliusoma wakati wajumbe wanakunywa chai. Alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari. Akafika mahali, kidole kikasimama.

"Karani," aliniuliza, "hapa pameandikwa kwamba safu ya Mtekelezaji ijazwe jina la mtoa hoja. Ndivyo?"

"Ndivyo," nilisema. "Kanuni ya kumi na tisa. Mwenye wazo ndiye mtekelezaji. Ilitungwa ili kupunguza mawazo."

"Lakini ninyi mnaandika Mke."

"Hayo ni mazoea tu."

"Mliyaamua kikao gani?"

Nikafikiri. "Hatukuyaamua. Yapo."

"Basi mimi nitafuata mwongozo," alisema Zawena.

Nilifurahi, kwani ni nadra kumwona raia wa kawaida anayeheshimu mwongozo. Nilimwambia taifa lingepata kumi kama yeye lingefika mbali.

Kikao hiki kilikuwa na ari kuliko kile cha kwanza, maana uchaguzi ulikuwa umekaribia na ukutani fundi rangi alikuwa ameshafikisha watoto wanane. Mheshimiwa Kipenga alisema mvulana mmoja hatoshi. Beki lazima awe na wa akiba. Akapendekeza wawili.

Zawena akainua kalamu. "Mheshimiwa, niandike kwamba mtoa hoja ni wewe?"

"Nani mwingine?" alinguruma. "Andika kwa herufi kubwa! Na cheo!"

Mtu wa Dini aliona asiachwe nyuma, akasema yeye anatoa hoja ya pacha. Zawena akamwuliza jina lake kamili, naye akalitaja herufi kwa herufi. Bwana Tenende aliposikia wenzake wanaandikwa majina alisimama kabisa.

"Nikizungumza kama mwanamke, wawili ni dharau! Mimi nataka watatu. Niandike mimi, Tenende, watatu!"

"Kwa muda gani, Bwana Tenende?"

"Upesi iwezekanavyo!"

Akaandika. Alimwandika pia Kibwana: anapenda kukipendeza kikao, mtekelezaji Kibwana. Hata Bi Mashavu aliandikwa, kwa ajili ya Matimbwa wake, kwa mwandiko mdogo zaidi, kwa adabu, kwa kuwa ni mama mkwe.

Hapo mvua ikaanguka. Si manyunyu, mvua yenyewe, juu ya bati jipya la kibaraza, na hakuna aliyeweza kuondoka. Chai ilikuwepo. Msiba haukuwepo. Mechi iliahirishwa. Kwa mara ya kwanza tangu sheria itungwe, Kamati ya Mapendeleo ikajikuta imefika Mengineyo, na wajumbe wakatazamana kama watu waliopotea njia.

Zawena alisimama. Kelele za bati zilikuwa kubwa hata mtu hasikii jirani yake akitafuna. Mimi nilikuwa nimeketi miguuni pake, ndiyo maana nilisikia.

"Mimi napenda wanne nilio nao," alisema. "Napenda kuwalea nikiwa hai. Nimechoka kupendewa. Basi."

"Imepita!" alisema Mheshimiwa, ambaye hakusikia hata neno moja lakini aliona midomo imekoma kutikisika.

Zawena akakaa, akaandika. Azimio: watoto wanne waliopo, wasiongezwe. Mtoa hoja, Zawena. Mtekelezaji, Zawena. Muda, maisha yangu yote. Kisha akapitisha daftari, na wajumbe wote watatu wakatia saini kila ukurasa bila kusoma, kama wafanyavyo viongozi wenye kujiamini.

Ukaguzi

Katika mji mkuu wetu kuna ofisi ya ghorofa kumi na moja inayosimamia utekelezaji wa maazimio. Watumishi wake huamini kwamba kilichoandikwa kwenye muhtasari ndicho kilichotokea, na kisichoandikwa hakipo duniani. Mwaka mmoja waliandika kwamba mto umejengewa daraja, na mpaka leo watu wanaozama pale hupelekwa mahakamani kwa kupotosha.

Mwezi wa Oktoba ofisi hiyo ilimtuma kwetu Mkaguzi Ndimbo, mtu mwembamba asiyecheka, ambaye alikuja na gari, mizani na kitanda cha kujifungulia. Akamwita Tabia kutoka zahanati amsaidie. Akatukusanya kibarazani kwa Zawena, kwa kuwa ndipo muhtasari uliposema kikao kilifanyika.

"Azimio namba moja," alisoma. "Wavulana wawili, mmoja beki wa kushoto, mwingine wa akiba. Mtekelezaji, MHESHIMIWA DIWANI RAJUA KIPENGA. Herufi kubwa. Muda, Desemba." Aliinua macho, akalitazama kwa heshima tumbo la Mheshimiwa. "Hongera. Naona wewe walau umeanza utekelezaji."

Tabia alikuwa ameshamfikia na futikamba. Akalizungusha tumbo lile, akasoma, akatikisa kichwa kwa furaha. "Huyu ana wiki thelathini na sita. Na kwa ukubwa huu wote wawili wamo."

"Mimi ni mwanamume!" alipiga kelele Mheshimiwa.

Mkaguzi alipekua kurasa, mbele na nyuma. "Hilo halimo kwenye muhtasari."

"Lakini hawezi kuzaa! Hakuna mwanamume anayeweza kuzaa!"

"Wakati wa kutoa hoja mliligusia jambo hilo?"

Mheshimiwa alinigeukia mimi, karani.

"Hii ni saini yako?"

Ilikuwa saini yake. Alikuwa na saini nzuri yenye mkia mrefu.

Mkaguzi alimkabidhi kadi ya kliniki, chandarua na vidonge vya kuongeza damu, akamwambia apande kitandani asikilizwe mapigo. Mheshimiwa hakupanda. Hapo Mkaguzi alimweleza, taratibu, kwamba kukataa kutekeleza azimio ulilolitoa mwenyewe kunaitwa hujuma, na hujuma ni miaka saba. Njia nyingine ilikuwa moja tu: mtoa hoja afute pendeleo lake kwa maandishi, mbele ya mashahidi, na aeleze sababu.

Sijapata kuona kalamu ikigombewa namna ile. Mheshimiwa aliandika kwamba, baada ya kutafakari, anapenda watoto sifuri, na sababu ni kwamba jambo lenyewe ni la hatari na linauma. Mtu wa Dini aliandika kwamba amefunuliwa. Alipoitwa Bwana Tenende, watatu, upesi iwezekanavyo, alimwona Tabia anavaa glavu, akarudi nyuma hatua tatu.

"Nikizungumza kama mwanamume," alisema, na hakushusha pumzi yoyote.

Ikafika zamu ya Kibwana. "Umekipendeza kikao?" aliuliza Mkaguzi.

Kibwana alivua kofia. Safari hii hakuitazama. "Hapana," alisema. "Mimi napenda wanne. Nilisema hivyo chumbani, nikaja kulikana neno langu hapa mbele za watu kwa kuogopa kuchekwa. Andika hivyo, na uandike kwamba niliogopa."

Zawena alikuwa anamimina chai. Ilifurika kikombe, ikajaa kisahani, ikamwagika mkekani, na hakuiona.

Akabaki Bi Mashavu. Mkaguzi alimsomea kwamba yeye, mwenye umri wa miaka sabini na mbili, anatakiwa kuzaa mtoto aitwe Matimbwa. Tulidhani atacheka au atalia. Hakufanya lolote katika hayo.

"Mimi nilizaa saba," alisema. "Nikazika watatu. Kwa wa tano nilishikwa na uchungu siku mbili, nikawaita wote niliowajua, hakuna aliyekuja. Hakuna siku nilipoulizwa napenda wangapi. Nilidhani ndivyo ilivyo, kwamba mwanamke haulizwi." Akamgeukia Zawena. "Mwanangu, nilitaka kukufanyia nilivyofanyiwa."

"Na baba je, Mama?" aliuliza Zawena. "Atakaa nje mpaka lini?"

Bi Mashavu aliwatazama wajukuu wake wanne waliokuwa wamesimama nje ya kibaraza wakishangaa mizani. Alimtazama mdogo wao, Mwanaisha, ambaye alikuwa na matege ya babu yake na kisirani cha babu yake.

"Matimbwa," aliita. "Njoo ndani, utalowa."

Hapakuwa na mvua siku hiyo. Mtoto alikuja tu, kama aliyezaliwa na jina hilo, akampandia bibi yake mapajani. Mtu wa Dini alifungua mdomo aseme kwamba mila hairuhusu. Tabia akamwonyesha kitanda, naye akaufunga.

Mengineyo

Mkaguzi alirudi na ripoti nzuri, na serikali ikaagiza kanuni ya kumi na tisa ifuatwe nchi nzima. Ndani ya miezi miwili mapendeleo ya kitaifa yalishuka kutoka watoto wanane hadi sifuri. Kamati zilikaa, wenyeviti walifungua vikao, na hakuna mjumbe aliyetoa hoja yoyote. Wanaume waliokuwa na maoni juu ya matumbo ya kata saba wakawa wanazungumzia hali ya hewa.

Fundi rangi aliitwa arekebishe ukuta. Akafuta watoto mmoja mmoja, kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kupikiwa, akaufuta na ule mkono. Alibaki baba peke yake, anatabasamu, ameweka kiganja juu ya bega la mtu asiyekuwepo.

Jambo hilo halikuvumilika. Bunge liliitishwa kwa dharura, na kwa kauli moja likaiondoa safu ya Mtekelezaji kwenye mihutasari yote. Sasa maazimio hayana mtekelezaji, yanajitekeleza yenyewe mahali palepale pa zamani. Mapendeleo yamepanda tena. Mheshimiwa Kipenga sasa ni mbunge, na wiki iliyopita alitoa hoja ya watoto kumi na mmoja kwa kila kaya, ili wilaya ipate kikosi kizima.

Azimio la Zawena lilishindikana kufutwa. Limepita, limesainiwa, na muda wake ni maisha yake yote. Nimesikia kwamba wanawake wa kata jirani hutembea kwa miguu kuja kuliona lile daftari. Wengi wao hawajui kusoma. Huomba wauguse tu ule mstari, kisha hurudi makwao kupika chai.

Kufunga

Nimebakiza jambo moja, dogo, la nyumbani kwangu.

Siku Mkaguzi alipoondoka nilirudi nyumbani mchana. Mke wangu, Stara, alikuwa jikoni anasonga ugali. Tumeoana miaka ishirini na mbili. Sijui kwa nini nilisimama pale mlangoni. Labda mkono ulioteguka ulikuwa bado unaniuma.

"Mama Tunu," nilisema, "hivi wewe ulipenda watoto wangapi?"

Mwiko ulisimama. Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. Kisha akaona kwamba nauliza kweli, akafikiri, na hakufikiri sana. Nadhani alikuwa na jibu hilo siku nyingi.

"Wawili," alisema.

Akaepua sufuria. Akapita kando yangu, akasimama uani akawaita watoto waje kula. Aliwaita wote tisa, kila mmoja kwa jina lake, kuanzia mkubwa hadi wa mgongoni, hakumruka hata mmoja, na kwa kila jina sauti yake ilikuwa ileile.

Wakaja mbio. Nikakaa nao chini, nikanawa mkono mmoja uliobaki mzima, nikapokea sahani yangu. Sikumuuliza ni wawili wepi.